Magoli Mawili ya Fergal Mulvey

Drumgowna, 5 Mei 1957

Mwanangu Fergal,

Hujambo huko New York? Sisi tu wazima, ila goti la mama yako linamsumbua na mvua haitaki kukatika. Nimeanza na afya kama ulivyotaka. Sasa nije kwenye linaloniudhi.

Miaka mitatu tu iliyopita kaunti hii ndogo, ambayo watu wa kaunti kubwa ya Galway walikuwa wakiuliza kwa kejeli kama ina uwanja, ilibeba kombe la jimbo. Wewe ulilala na jezi. Leo nusu ya kikosi kile mnachanganya zege huko. Timu ya magongo imeshakufa. Ya mpira mimi ndiye mteuzi, lakini nateua nani? Juzi nilimpanga Packie Roddy, mtu mzima mwenye mapafu ya mvuta kiko! Kwa mechi ya Juni tutafanya mpango. Usiniulize mpango gani.

Baba yako

Bronx, 28 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama umpe pole. Mwili wangu mzima. Akili ndiyo inataka kuniruka.

Gazeti la nyumbani limefika huku. Linasema Fergal Mulvey amefunga magoli mawili na kuwatoa Sligo! Baba, Jumapili ile nilikuwa kitandani, kifundo cha mguu kimevimba. Kamati ya mpira ya huku inaamini nilipanda ndege kisirisiri, imenifungia mwaka mzima kwa kuchezea timu mbili. Mama mwenye nyumba alikwenda kunitetea, lakini kwa kuwa naye ni wa kaunti yetu, walimcheka. Na Bwana Tierney, mwenye timu yangu ya huku, unajua, kazi ya ujenzi huwapa wachezaji wake tu. "Kwani nilikuajiri kwa ajili ya matofali?" kaniambia. Nani huyo aliyevaa jina langu?

Mwanao Fergal

Drumgowna, 5 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limepoa, mvua bado. Punguza jazba.

Ni Padre Devane, yule kijana aliyeletwa parokiani majira ya baridi. Askofu hataki mapadre wachezee kaunti, kwa hiyo anayecheza hutafutiwa jina. Tumefanya hivyo tangu enzi za babu yako, na jina lako lilikuwa limekaa bure. Usione haya nalo: goli la pili lilipigwa kwa mguu wa kushoto, ambao wewe unao wa kusimamia tu. Nikisema ukweli tunanyang'anywa ushindi, na fainali ya jimbo ni mwezi huuhuu. Watu wameanza kuimba tena barabarani. Vumilia huo mwaka mmoja.

Baba yako

Bronx, 12 Julai

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Tierney amenifukuza. Naosha masufuria hotelini na chumba kinanishinda kulipia. Nilikuja huku sina kitu ila jina, Baba, na ndilo lililonipa kazi. Unasema nivumilie, nivumilie kwa kula nini? Nikiona kimya nitajua umechagua kaunti.

Fergal

Drumgowna, 28 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako hajambo. Mimi usiniulize.

Barua yako niliisomea zizini ili mama yako asiione. Akaiona. Alhamisi nikapanda treni kwenda Dublin. Padre Devane mwenyewe ndiye aliyenifikisha stesheni. "Nenda kaseme, Mzee Mulvey," aliniambia, "mimi Askofu ataninunia tu." Nikasimama mbele ya wakubwa wa mpira nikasema yote. Palepale wakapeleka simu New York: umefunguliwa. Sisi tumepokonywa ushindi, fainali ya leo wanacheza Sligo, na kaunti imefungiwa mwaka. Vijana waliobaki wanaulizia nauli ya meli. Tukifunguliwa sitakuwa na wa kumpanga. Kanisani hakuna aliyenisalimia ila Packie Roddy, naye alitaka kiberiti.

Nimewakasirikia wao, nimekukasirikia wewe, na huyo Tierney akileta pua yake huku nitaivunja. Lakini jina ni lako, na mimi ndiye niliyekupa. Nenda kacheze.

Leo Jumapili. Nimekula, nimevaa koti na viatu kama kila Jumapili ya mechi, nimekaa hapa mlangoni. Mama yako ananiuliza nakwenda wapi.

Baba yako