Shanga za Mguuni mwa Koku

Jumatatu, 2 Machi 1987
Nimefua bandeji, nimechemsha, nimeanika. Koku ana miaka sita. Mfupa wa muundi ulianza kuoza mwaka jana. Sindano zilishindwa. Daktari wa misheni alisema dawa ya sindano haifiki pale, damu haipiti. Akaupasua mguu, akatia ndani shanga zilizotungwa kwenye waya. Kila moja inatoa dawa kidogo kidogo humohumo mfupani. Moja imebaki nje ya ngozi, atazivutia hapo. Zimebaki siku tano azitoe. Usaha umepungua. Naona atapona.

Jumatano, 4 Machi
Nilikwenda kuchuma kahawa. Kurudi, Koku analia, damu kitandani. Mama mkwe amezivuta zote, amezitupa motoni. Yeye ameokoka, akiona hirizi anachoma. Nikamwambia ni dawa ya hospitali. Akasema, "Mwanangu, dawa gani inatungwa kwenye waya kama hirizi ya mfumu? Mshukuru Yesu."
Namchukia. 

Ijumaa, 6 Machi
Jana kwenye ushirika wa waliookoka alitoa ushuhuda, ameushinda uchawi wangu nyumbani kwa mwanawe. Wakaimba. Leo kisimani hakuna aliyenisalimu. Koku ana homa. Baba Koku anasema, "Yule ni mama yangu, nifanyeje?" Basi nitafanya mimi.

Jumatatu, 9 Machi
Hospitali. Nimekuja na mama mkwe. Nina mimba, nilimwambia imenichosha, yeye ashike mguu wa Koku bandeji ikifunguliwa. Uongo. Nilitaka aone. Daktari akauliza nani alizitoa. Nikamtazama mama mkwe mpaka akasema mwenyewe. Kesho wanapasua tena. Mfupa ukiwa umekufa, mguu unakatwa. Mama mkwe akakaa chini sakafuni. Nilifurahi. Mungu anaona, nilifurahi.

Jumanne, 10 Machi
Mfupa uko hai. Shanga mpya zimewekwa. Nimelia chooni. Mama mkwe akaniomba msamaha. Nikamjibu, "Shikamoo nitakupa, chakula nitakupikia. Msamaha kauombe kulekule ulikonitangaza."

Alhamisi, 26 Machi
Shanga zilitolewa juzi, moja moja. Kidonda kinakauka.
Leo mama mkwe amesimama kwenye ushirika. "Nilichoma dawa ya mjukuu wangu. Nikamwita mke wa mwanangu mchawi." Hakuna aliyeimba. Nilidhani nitashiba. Sikushiba.
Tumerudi njia moja, yeye mbele, mimi nyuma. Koku alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo, mguu mbaya umegusa chini. Nilitaka kumkimbilia, nikapunguza mwendo ili bibi yake amfikie kwanza.