Wamekuja Kumwombea Rahab

Kiarie, wametoka hapa sasa hivi. Akina mama wanne wa kanisa na mzee Naftaly, eti wamekuja kumtoa bibi yangu Rahab pepo!

Pepo, Kiarie. Kwa sababu ya hesabu.

Unajua Rahab anarudia mtihani wa kidato cha nne, na bila hesabu hakuna chuo cha uuguzi. Sasa akisoma anajifundisha kwa sauti. Anakuwa mwalimu, halafu anakuwa mwanafunzi. "Umekosea wapi?" "Hapa, mwalimu." "Rudia bila kuangalia kitabu!" Jirani akasikia sauti mbili jikoni na mtu ni mmoja.

Wameingia wakiimba. Rahab hata hakusimama. "Mmekuja kuniombea? Kaeni kwanza niwafundishe." Akawaambia nusu ukiigawanya kwa robo unapata mbili.

Mama Cate, mmoja wa wale akina mama, akauliza, "Umegawanya, mbona imekuwa kubwa?"

"Kitabu kinasema nigeuze."

"Kwa nini?"

Akafunua kitabu, Kiarie. Sababu haimo. Mimi nikaona aibu, lakini yeye akacheka. "Hapo ndipo ningeanguka!" Akakata kiazi nusu, akaonyesha ni robo ngapi zinatoka kwa hiyo nusu. Mbili. Mama Cate akapiga makofi.

Naftaly akanivuta kando. "Wewe ni mwanaume gani? Bibi yako ana miaka arobaini na anapigia sufuria kelele!"

Nikamwambia, mzee, rudi ukae. Ni wewe peke yako hujaelewa hiyo ya kiazi.