Kitabu Ambacho Kamati Haikukisoma

Dada Bosibori,

Kwa huzuni na taadhima kuu natangaza kifo cha kofia yangu nyeusi, ile ya kanisani. Mbuzi wa jirani aliila siku ya Sabato nikisinzia barazani. Alibakiza ukingo tu. Najua ungesema, "Afadhali safari hii kuna kitu kimeingia kichwani, hata kama ni cha mbuzi." Cheka, basi. Hapa hatujacheka sana tangu tukuzike.

Jumapili wasichana wanne wa shule uliyokuwa ukifundisha walikuja na kikapu. Nikadhani ni ndizi za rambirambi. Dada, zilikuwa daftari kumi na moja! Wameinakili yote ile riwaya ya mwanafunzi aliyepata mimba, ile ambayo kamati yangu ya shule ilikuamuru uitoe maktabani. Kabla hujaitoa, kati ya wasichana kumi na mmoja kila mmoja alichukua sura moja akaiandika kwa mkono, nukta kwa nukta, kisha wakazishona kwa uzi wa katani. Mwaka wa tatu huu zinazunguka bwenini. Nilifungua ya kwanza, nikajikuta nimesimama wima, mzee mzima, kama mtu anayeombewa. Sisi tulijenga shule hiyo kwa harambee baada ya Uhuru, tukajisifu kwa matofali. Hawa wamejenga kitabu.

Sura ya nane, ambapo mama anamweleza bintiye habari za mwili wake, ni mwandiko wa binti yangu mdogo, Moraa. Moraa, ambaye akinipa chai hutazama chini! Pembeni ameandika kwa penseli: "Kwetu baba hawezi kusema haya." Mwenyewe alikuwa jikoni, hatoki.

Wanataka kitabu kirudi, na kamati inakaa Ijumaa. "Mzee Mwenyekiti," wakaniuliza kwa adabu, "kilikuwa na kosa gani?" Nikakohoa mpaka wakaniletea maji.

Wewe nilikuambia tulikisoma, tukakikuta kichafu. Ukanitazama, ukasema, "Sawa, Mwenyekiti." Basi. Ukaugua, ukaenda, nami... sikukuambia.

Hakuna aliyekisoma, Dada. Pasta alitaka ukurasa mmoja usomwe kwa sauti ndipo tuamue. Kulia kwangu alikuwa Ogeto, mume wa binti yangu mkubwa. Unaijua chinsoni, heshima yetu ya Kigusii: mtu na mkwewe hawakai pamoja wakasikia maneno ya mwili. Pasta akafungua kitabu. Ogeto akatazama dari, mimi nikatazama viatu. Jasho! Kabla hajatamka neno nikanyoosha mkono, nikapaza sauti, "Kipigwe marufuku!" Ogeto akaniunga mkono upesi, kama mtu aliyevutwa kutoka mtoni. Wengine wakafuata, wakadhani Mwenyekiti anajua kitu. Sikujua kitu. Nilikuaibisha mbele ya wanafunzi wako kwa sababu ya aibu yangu mimi na mkwe wangu, nikaiita maadili.

Ijumaa nitalisema hili, Ogeto akiwa papo hapo. Kisha nitaomba kila mjumbe apewe kitabu akakisome kwake, peke yake, mbali na wakwe. Mimi nimeshaanza. Niko sura ya tano, nasoma polepole kama ulivyozoea kunicheka. Nakuahidi nitamaliza kabla sijapiga kura tena.

Pumzika, Dada.

Mdogo wako,
Nyakundi