Chale za Usoni na Pasipoti

Mjukuu wangu Salima,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako mzima, ila goti linamsumbua, na shangazi yako kahamia Tegeta. Unaniuliza kama nitakasirika ukichukua uraia wa huko na kuuacha wa kwetu.

Miaka ile ya ruksa, biashara na nje ilipofunguliwa, mzungu mmoja mnunuzi wa vinyago alinialika kwao nikachonge mbele ya wateja wake. Nikaenda kuomba pasipoti. Afisa akazitazama chale za usoni mwangu, zile nilizochanjwa utotoni Newala, upande wetu wa mpaka, ili watu wa kwetu wanitambue. Cheti changu cha kuzaliwa hata hakukigusa.

"Wewe Mmakonde wa Msumbiji, bwana."

"Mie wa Newala. Nakaa hapa Chang'ombe."

"Wote mnasemaga hivyohivyo."

Vinyago vyangu vikapanda ndege bila mie. Chini ya kila kimoja nilikuwa nimechonga, kwa patasi yangu mwenyewe, neno "Tanzania".

Chukua tu, mjukuu wangu. Sikasiriki. Huko wakikuuliza umetoka wapi, angalau uko ugenini. Mie niliulizwa nikiwa kwetu.

Babu yako,
Chang'ombe