Saa Yangu Iko Brazil

Jumatatu, 10 Februari

Matairi manne kabla ya chai. Foleni ya malori imerudi nyuma mpaka kwenye kituo cha mafuta. Foleni ikisimama, fundi wa pancha anakula. Lakini leo habari si matairi. Leo nimevaa saa inayosoma moyo!

Nilivuka mpaka jana nikainunua upande wa Uganda. Mwenye duka akaniambia, "Ssebo," yaani bwana, "huyu ni daktari wa mkononi." Chini yake kuna taa za kijani zinazomulika ngozi. Zinaona damu ikipita. Damu yangu mimi, na hakuna aliyenikata! Nimefika Juba, nimefika Goma, nimekula mamba nikidhani ni samaki. Sijaona kitu kama hiki.

Ilikuwa na kasoro moja tu. Ikiwa saa moja asubuhi, yenyewe inaandika saba. Hesabu gani hiyo? Nikafungua pale penye miji ya dunia, nikajaribu mmoja baada ya mwingine mpaka ikaandika moja. Mji uko Brazil. Sasa inasema saa vile mama alinifundisha. Hapa Malaba fundi mwingine mwenye saa ya Brazil ni nani? Hakuna.

Jumanne, 11 Februari

Kila dereva anataka kupimwa. Nimewapima wote bure, mimi si mchoyo. Dereva mmoja mkubwa kama tangi la mafuta, moyo wake unaenda polepole kama mtu anayetembea msibani. Mwingine aligoma, eti siri zake zitatoka.

Halafu Mama Atieno wa chapati. Alifuta unga, akanyoosha mkono, akatazama namba ikipanda na kushuka. Muda mrefu. Akauliza, "Kwani haijawahi kupumzika hata siku moja?"

Mimi najua injini. Hakuna injini duniani inayokimbia miaka arobaini na sita bila kuzimwa, bila kubadilishwa oili. Na mimi nimetembea nayo kifuani nikidhani ni nyama tu.

Jumatano, 12 Februari

Saa imenitukana. Saa nane mchana ilileta ripoti ya usiku. Kwa Kizungu. Imeandika usingizi wangu ni maskini. Maskini! Mimi, mwenye kitanda cha futi sita! Chini yake rangi nyekundu: moyo wakati wa kulala, juu sana.

Kweli silali vizuri. Kila nikishikwa na usingizi, saa inatetemeka, inachora katuni ya mtu akisimama. Inuka, tembea. Nami natii. Nimezunguka meza mpaka mke wangu Nafula akauliza kama ninalinda benki.

Alhamisi, 13 Februari

Ripoti ile ile. Mbaya zaidi. Leo sijacheka.

Kaka yangu Pius alilala mzima kule Sigalame. Alikula ugali akamaliza. Asubuhi hakuamka. Alikuwa na umri huu wangu. Sijamwambia mtu, lakini tangu tumzike naogopa mto wa kichwa.

Nimekaza mkanda tundu mbili zaidi ili isikose hata pigo moja. Siivui. Naoga nayo. Natumbukiza tyubu za matairi kwenye karai nayo, natafuta mapovu, maji na sabuni vinaingia chini yake. Potelea mbali. Chaji tu ndiyo shida. Leo dereva alinipa chaja ya simu yake, yenye nguvu sana, ikajaa haraka. Ilitoka moto kama sufuria. Sikungoja ipoe. Je, moyo ukisimama wakati saa iko kwenye chaja, nani atajua?

Ijumaa, 14 Februari

Mkono unawaka. Chini ya saa ngozi imekuwa nyekundu, ina vipele vidogo, na penye chuma kuna lengelenge. Inawasha mpaka nikajikuna kwa spana. Saa yenyewe ina joto mchana kutwa, juani ndiyo usiseme.

Nafula aliona. Akasema, "Baba Simiyu, vua hiyo kitu."

Nikasema siwezi.

"Kwani imekuoa?"

Nilitaka kufanya mzaha. Nikauacha. Nikamwambia habari ya Pius, na ya ripoti. Hakunicheka. Alikaa tu, akanishika ule mkono mwingine. Kesho tunaenda kliniki. Naogopa kuliko siku moja kule Goma askari walipotuelekezea bunduki.

Jumamosi, 15 Februari

Wacha niandike polepole, nisipoteze kitu.

Tulimpata sista mmoja mnene, mwenye miwani. Akanivua saa. Ngozi ilinuka kama kitambaa kilichoachwa kwenye maji. Akasema, "Mzee, umepika mkono wako mwenyewe." Jasho, sabuni, joto, halafu mkanda unabana, ngozi haipumui. Akaisafisha, akapaka dawa. Nisivae kitu hapo mpaka pakauke kabisa.

Nikamwambia mkono si kitu, sista, moyo ndio unakufa. Nikamwonyesha ripoti. Akaisoma, akaitazama saa, akatazama ile ya ukutani.

"Hii saa imeharibika? Sasa hivi ni saa nne. Huku imeandika nne ya Kizungu, kabla hakujapambazuka."

"Haijaharibika, sista. Nimeiweka Kiswahili. Iko Brazil."

Akavua miwani. Akaketi. Alicheka mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akauliza kuna nini. Alipopata pumzi akanieleza. Wabrazil saa hii wamelala. Saa inadhani nami nimelala. Kumbe mimi niko juu ya tairi la trela na nyundo, na yenyewe inashangaa huyu mtu amelala namna gani moyo ukikimbia hivi! Usiku ninapolala, kwake ni mchana. Inaona mtu mvivu amejilaza, inamtikisa ainuke atembee.

Siku zote hizo nimemlilia Mbrazil.

Nafula naye alicheka, machozi yakimtoka. Nadhani hayakuwa ya kicheko tu.

Lakini sista hakuishia hapo. Alinipima presha, akasikiliza kifua, mbele na mgongoni. Akasema huu moyo ni wa dume la kulima. Kisha akatoa vile vya masikioni, akanivalisha mimi, akaweka kile kisahani kifuani pangu.

Sikujua. Nilidhani ni mlio mmoja. Ni miwili, mmoja unamfuata mwenzake, kama mtu anayefungua mlango na kuufunga. Mlango mkubwa. Ndani kabisa. Hakuna taa ya kijani, hakuna chaji, hakuna Kizungu. Nimeongea maneno mengi maisha yangu yote, na wakati wote huo huyu alikuwa chini yake anafanya kazi, hajaomba hata sifa. Sikutaka kuvitoa masikioni. Sista aliningoja bila haraka, na watu walikuwa wengi nje. Mungu ambariki.

Jumapili, 16 Februari

Nimelala usiku kucha. Sijui hata niliota nini.

Kifundo cha mkono kinakauka. Kinawasha kidogo, sikikuni.

Baada ya kanisa tulikula samaki. Joto. Nafula akajilaza akapitiwa na usingizi. Nikaweka sikio mgongoni mwake, polepole. Nikaupata. Wake unaenda taratibu kuliko wangu, una uzito. Sikuhesabu.

Akasema bila kufungua macho, "Unatafuta nini huko?"

Nikamwambia nasikiliza tu.

Akasogea kidogo ili nifike vizuri, akaendelea kulala. Nilikaa hapo mpaka sikio likafa ganzi.