Jiko la Chumba cha Mama

Baba Esnath,

Maharage yapo jikoni, uji umo kwenye chupa. Nimempeleka Esnath hospitali, na mimi mwenyewe nitamwona daktari. ~~Tutarudi mchana.~~ Sijui tutarudi saa ngapi.

Wiki nzima nikitapika asubuhi ulikuwa unanicheka, "Hongera, mama kijacho," na dada yako wa Nyololo ukamtangazia. Nilinyamaza kwa sababu nilitamani iwe kweli. Ila leo Esnath naye kaamka anatapika, kichwa kinamuuma. Mtoto wa miaka sita. Yeye naye utampa hongera?

Tulipotoka uani kwenye baridi, wote wawili tukapata nafuu. Ndipo nikageuka nikaliona lile jiko la mkaa tunalolala nalo tangu tuhamie chumba cha marehemu mama yako. Wewe usiku uko lindoni, hayakupati.

Mama naye alikuwa akilala nalo. Mwaka jana, baridi ile ya Julai, hakuamka, tukasema ni uzee.

Jiko nimelitoa nje, ila hewa yake bado imo chumbani. Ukirudi kulala, lala sebuleni, hata ukitetemeka. Daktari nitamweleza na ya mama.

Mama Esnath