Gemu Letu Halitauzwa Likiwa Maua

Krakow, Poland
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ujue napiga goti ninapoandika hilo neno, hata kama sakafu ya huku ni ya baridi na hakuna anayeniona.

Goti lako la kulia linaendeleaje? Mdogo wangu Devota ameniambia umeacha kwenda Misa ya kwanza kwa sababu ya ule mteremko. Mteremko ule naujua, na wewe nakujua, kwa hiyo sijui nimwamini nani. Mama je, kifua kimetulia? Na ile migomba ya nyuma ya jiko, ilipona au mnyauko umeimaliza? Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea, juzi nimetembea hadi kazini na soksi moja moja kila mguu kama watu wengine.

Barua hii nimempa Mtanzania mwenzetu anayerudi Mwanza. Ataiacha kwa Devota pale Nyarubungo, naye atakuletea akija nyumbani mwisho wa mwezi. Najua ungependa nipige simu. Lakini kwenye simu wewe hunikatisha, na hili ninalotaka kukuambia silitaki likatishwe.

Baba, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikalia. Ulisema, "Mwana wanje, mtu akija na hela mkononi haji mara mbili. Saini. Mimi nimeshawaambia watu wa jumuiya, na tumeshasali sala ya kushukuru."

Sikusaini.

Naomba usiikunje karatasi bado. Soma mpaka mwisho, ndipo unigombeze.

Najua huwa unawaambia watu kwamba binti yako anachora katuni Ulaya. Si uongo sana. Tuko watatu katika kikampuni chetu: mimi, dada mmoja anaitwa Marta, na kaka mmoja anaitwa Pavel. Kwa miaka mitatu tumetengeneza gemu moja tu. Ndani yake wewe mchezaji ni bibi kizee mwenye migomba na mibuni michache kilimani. Ngedere wanakuja kuiba ndizi, majirani wanakuja na maneno yao, mvua inakuja inapotaka yenyewe, na wewe unapambana nao wote kwa fimbo na ulimi. Devota alipoona picha za kwanza alisema, "Huyu si Bibi wetu?" Ndiye. Sikumficha hata kidogo. Mpaka namna anavyofunga kanga nimeiweka.

Sasa kuuza. Hapa ndipo penye vita, na nataka uelewe, maana wewe umeuza vitu maisha yako yote na hili halikushindi.

Gemu la kompyuta linauzwa kwenye maduka ya mtandaoni. Kuna duka moja kubwa ambalo ni kama gulio: ushuru wake ni mkali, lakini kila mtu anakwenda huko. Kuna jingine, jipya na tajiri, ambalo halina watu wengi, kwa hiyo linawanunua wauzaji ili wanunuzi walazimike kuwafuata. Halafu kuna kaduka kadogo, ambako ukinunua unapewa mzigo wenyewe, unaondoka nao, hata mtandao ukikatika mwezi mzima unacheza. Mbali na hayo kuna zile mashine za kuchomeka kwenye televisheni, kama zile za kwenye kibanda cha gemu pale Ngara mjini ulikokuwa ukinikataza nisikanyage. Kila kampuni yenye mashine ina geti lake na mkaguzi wake, na mkaguzi akiona dosari ndogo anakurudisha nyumbani kama mtu aliyeanika kahawa chini kwenye udongo.

Mpango wetu ulikuwa kuanza na kompyuta, maduka yote matatu siku moja, kila mtu anunue anapopenda. Kisha mashine za televisheni zifuate moja baada ya nyingine, kwa sababu watu watatu hawawezi kupita mageti yote kwa pamoja.

Ndipo akaja bwana wa lile duka tajiri. Mpole, ananukia vizuri, viatu havijawahi kuona tope. Akasema: uzeni kwetu peke yetu kwa mwaka mmoja. Maduka mengine msiweke, na mashine za televisheni zisubiri mpaka sisi tuseme. Nasi tutawalipa sasa hivi, kabla hata mtu mmoja hajanunua.

Pavel alifurahi sana. Mke wake amejifungua majuzi, na hela ile ingetulipa mishahara mwaka mzima bila wasiwasi. Mimi neno lilinitoka bila kufikiri.

"Butura," nikasema.

Wote wakanitazama. Ikabidi nieleze, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba kwetu kuna mnunuzi anayekuja mbuni ukiwa bado una maua, anakupa hela, na kahawa ikiiva ni yake, hata bei ipande mpaka mawinguni.

Yule bwana akacheka. "Hii si hivyo. Kwetu sisi mko salama."

"Hata wa kwetu alisema tuko salama," nikamjibu.

Baba, sasa nisamehe, maana nitasema jambo ambalo nyumbani hatulisemi.

Mwaka niliofaulu kwenda kidato cha kwanza, uliuza maua. Najua yalinunua nini, naweza kukutajia hata sasa: godoro, ndoo, jembe jipya, sketi mbili, na yale makaratasi yote ya shule. Sijasahau, wala sikulaumu hata chembe. Ningekuwa wewe, na mtoto wangu amefaulu, ningeuza mpaka mizizi. Hapa nilipo nimekaa juu ya maua yale.

Lakini nakumbuka na msimu ulipofika. Yule mnunuzi wa maua alimleta mtu wake, akaketi kwenye kigoda karibu na kichanja chetu cha kuanikia. Tulichuma kahawa yetu wenyewe kama vibarua wa mtu mwingine. Bei ilipanda mwaka ule. Ulikuwa unasimama njiani ukiwaangalia majirani wakipita na magunia yao kwenda chama cha ushirika, nao wanakusalimu, nawe unaitikia vizuri tu, kisha unarudi ndani huli.

Na nakumbuka siku mgeni wa Bibi alipokuja kutoka kwao Nyamahanga, Biharamulo. Unajua Bibi alivyo, mgeni kwake hakai bila kahawa ya kutafuna. Hiyo ndiyo desturi aliyokuja nayo kutoka Biharamulo alipoolewa, na ule mbuni wa mlangoni aliupanda mwenyewe kwa kazi hiyo. Akanyoosha mkono achume kidogo akachemshe. Yule wa kwenye kigoda, hakuinuka hata, akasema, "Bibi, hiyo ina mwenyewe."

Bibi aliziweka chini zote alizokuwa ameshachuma. Moja moja, juu ya mkeka. Wewe ulikuwa umesimama pale ukiangalia vidole vya miguu yako. Mgeni aliondoka na maji tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikasirika hasira ambayo haijawahi kuisha. Mkataba wangu, Baba, niliusaini siku ile.

Basi hapa tukapiga kura. Pavel alisema tukubali. Marta alisema tukatae. Nikabaki mimi.

Sikukurupuka, nataka ulijue hilo. Nilijua kwamba tukikataa, akiba yetu ni ya miezi michache. Nilijua kwamba kibali changu cha kukaa nchi hii kinashikiliwa na kazi hii, kazi ikifa narudi nyumbani. Na ujumbe wako wa sauti nilikuwa nao mfukoni. Nikasema hapana. Marta akashusha pumzi. Pavel akatoka nje bila koti.

Hakuzungumza nami siku mbili. Ya tatu alikuja na mkate na soseji, akaniwekea mezani, akasema, "Nifundishe tena lile neno." Sasa kila kitu ofisini ni butura. Mtu akikuomba kiti chako kabla hujainuka, butura. Natamani ungewasikia wanavyolitamka, ungecheka mpaka goti lipone.

Yule bwana alipokuwa anaondoka aliniambia, "Mtarudi kuniomba." Nikamwambia mlango wa duka letu uko wazi, aje anunue, atauziwa bei ile ile ya wengine. Mama angenifinya kwa jibu lile, lakini nililitoa na silijutii.

Najua utaniuliza: mbona hata chama ni mnunuzi mmoja, nacho tunakiuzia? Chama, Baba, kinapima kahawa iliyoiva, kwenye mizani unayoiona, na wewe ni mwanachama unayeweza kusimama mkutanoni ukapiga kelele, na huwa unapiga. Huyu alitaka kununua kitu kabla mimi mwenyewe sijajua thamani yake. Tofauti ni hiyo, na hata ukinikalisha kikao cha ukoo sitaiacha.

Gemu linaanza kuuzwa Alhamisi. Barua hii ikikufikia, habari utakuwa umeshazipata. Labda limeuzwa, labda limelala kama maharage ya kiangazi. Naogopa, sikufichi. Likilala, mtaniona nashuka stendi na begi moja, na jumuiya watapata la kuzungumza mpaka Kwaresima. Wazungumze. Nitakuwa nimevuna mwenyewe kilichoiva, kidogo au kingi, na hakuna mtu aliyekaa kwenye kigoda akinihesabia. Ile sala ya kushukuru msiirudishe lakini. Waambie iendelee, ila ibadilishwe nia.

Nisalimie Mama, mwambie nakula, asimsikilize Devota. Nisalimie baba mdogo aliyesema nikifika Ulaya nitasahau Kihangaza, mwambie ngedere wa kwenye gemu wanatukanwa kwa Kihangaza safi na Wazungu wanauliza maana yake. Nisalimie katekista wetu. Mama wa ubatizo pia, nimeshona ile kanga aliyonipa iwe pazia, na kila asubuhi naiona.

Bibi nimemweka mwisho kwa makusudi. Pamoja na barua hii nimemtumia Devota flashi, kile kidude cha kuhifadhia vitu vya kompyuta, ndani yake kuna gemu letu zima. Ni lile la kaduka kadogo, lisilohitaji mtandao, litafunguka hata kwenye kompyuta yake kuukuu isiyo na bando. Kama ningesaini, lisingefika hapo. Akija, mketishe Bibi karibu, na wewe ukae kando yake, Baba, tafadhali. Mwambie Devota aanzie mwanzo kabisa, asubuhi, mgeni anapopiga hodi. Kuna mbuni mlangoni. Ukibonyeza, bibi wa kwenye gemu ananyoosha mkono, anachuma anazotaka, anaingia ndani kuchemsha.

Yule wa kwenye kigoda sikumchora.

Ni mimi binti yako, uliyemsomesha kwa maua,
Jovitha